Protista, ajenda ya "mengineyo": mwongozo kamili wa kuwakuza, kuwatazama na kuwapanga

Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha wazazi au kamati ya harusi anaijua ajenda ya mwisho: mengineyo. Humo huingia kila jambo lililokosa kichwa chake, na mara nyingi ndiko kikao hunoga. Protista ni mengineyo ya biolojia. Chukua viumbe wote ambao seli zao zina kiini, ondoa wanyama, ondoa mimea ya nchi kavu, ondoa kuvu. Waliobaki, kuanzia ameba hadi mwani wa kahawia wenye urefu wa makumi ya mita, ndio tunaowaita protista. Vitabu vingi vya sekondari hupenda jina Protoktista. Kwa kazi yetu ya leo ni kitu kilekile.

Naanza na hili makusudi. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "protista ni viumbe wadogo wenye seli moja" atakwama akifika kwenye mwani. Wengi wao wana seli moja, si wote. Wengi ni wadogo, si wote. Wanachoshirikiana kwa hakika ni kuwa na kiini cha seli, na hilo linawatenga na bakteria; lililobaki ni kukanusha tu, si hiki wala si kile. Fasili ya kukanusha haielezi ukoo. Ukilishika hilo, vurugu yote ya majina inayokuja mbele itakuwa na maana.

Njia ninayofuata darasani ni kutazama kwanza, kupanga baadaye. Itakuchukua wiki mbili hadi tatu, na sehemu kubwa ya muda huo ni kusubiri.

Vifaa

Chupa mbili za kioo zenye mdomo mpana (za jemu zinafaa sana), nyasi kavu, punje chache za mchele, kipande cha kitambaa chepesi na mpira wa kufungia. Bomba la sindano lisilo na sindano yake, la kunyonyea matone. Pamba kidogo. Rula ya plastiki inayopitisha mwanga. Tincha ya iodini kutoka duka la dawa. Kisha hadubini, ile ya shule yenye lenzi ya jicho ya ×10 na lenzi za chini za ×4, ×10 na ×40 inatosha kabisa.

Huna hadubini? Kuna Foldscope, hadubini ya kukunja ya karatasi iliyobuniwa na Manu Prakash na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, inayokuza karibu mara 140. Nayo ikikosekana, usikate tamaa: Paramecium aliyeshiba, mmoja wa protista wa seli moja utakaowakuza, ana urefu wa robo milimita hivi. Inua chupa mbele ya kitambaa cheusi, mwanga ukitokea ubavuni, utaona vumbi jeupe. Tofauti yake na vumbi la kawaida ni kwamba hili linapanda na kushuka lenyewe.

Hatua ya 1: Teka maji, usiteke kichocho

Maji mazuri ni yale yasiyokwenda mbio: dimbwi lililokaa wiki kadhaa, lambo la kunyweshea ng'ombe, ukingo wa bwawa wenye magugu, hata chungu cha maua kilichojaa mvua. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini hayana kitu utakachokipenda.

Lakini usiingie majini. Kando ya Ziwa Victoria na kwenye mabwawa mengi ya Afrika Mashariki kuna konokono wanaobeba minyoo ya kichocho, na viluwiluwi vya minyoo hiyo hupenya ngozi nzima isiyo na hata mchubuko. Funga kikombe kwenye fimbo ndefu, simama pakavu, vaa glavu, teka. Chota na tope kidogo la chini pamoja na majani yanayooza, kwa sababu ameba haelei juu juu. Yuko kule kwenye uchafu. Osha mikono kwa sabuni hata kama unadhani haikulowa.

Ukiwa karibu na mto, kwangua ule utelezi wa kahawia kwenye mawe na uuweke kwenye kichupa chake. Watu huudhani ni uchafu. Ni diatomu, mwani wa seli moja wenye gamba kama kioo, kwa maelfu, na hawahitaji kukuzwa: wako tayari kutazamwa siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Andaa chupa

Chemsha nusu lita ya maji pamoja na nyasi kavu kiasi cha kushikwa kwa vidole vitatu, kwa dakika kumi. Acha yapoe kabisa, ikiwezekana mpaka kesho yake. Mimina kwenye chupa, nyasi na yote, lakini usijaze; acha nafasi ya hewa ya robo chupa. Tia punje mbili za mchele. Kisha ongeza vijiko vichache vya maji ya dimbwi.

Chupa ya pili tia maji ya dimbwi peke yake pamoja na magugu yake, bila nyasi wala mchele, uiweke dirishani ipate mwanga. Hiyo ni ya wale wa kijani. Ya kwanza ikae kivulini.

Zote mbili zifunike kwa kitambaa chepesi. Kifuniko cha chuma kilichokazwa kitawanyima hewa, na chupa ikiachwa wazi itakuwa kiwanda cha mbu nyumbani kwako, jambo la aibu kwa mtu anayesoma biolojia.

Chupa yangu ya kwanza kabisa niliiharibu kwa ukarimu. Nilitia nyasi konzi nzima na mchele wa kulisha kuku. Siku ya tatu ilinuka hata jirani akauliza kama kuna panya amekufa. Chakula kikizidi, bakteria huzaana kupita kiasi na kumaliza oksijeni, na protista wengi hufa. Kidogo kinatosha.

Hatua ya 3: Subiri kwa mpangilio

Siku mbili tatu za kwanza maji yatapata ukungu na utando juu. Hao ni bakteria, na ndio shamba lenyewe. Baada yao huja vijiflajela, viumbe vidogo sana vinavyoogelea kwa mjeledi, vinavyoonekana kama nukta zinazotetemeka. Kisha Colpoda, mwenye umbo la punje ya haragwe. Kuelekea mwisho wa wiki ya pili ndipo Paramecium huwa wengi, na nyuma yao hufuata wanaowala wenzao, na ameba kule chini. Mpangilio huu si sheria ya nchi: joto, aina ya nyasi na bahati ya lile tone ulilotia vyote hubadilisha ratiba. Tazama kila baada ya siku mbili, uandike tarehe. Daftari lenye tarehe ndilo litakaloonyesha kwamba kila mmoja alikuja baada ya chakula chake kuwa tayari.

Hatua ya 4: Tengeneza slaidi

Nyonya tone kutoka sehemu tatu tofauti: chini ya ule utando wa juu, katikati kando ya jani la nyasi, na kwenye tope la chini. Usichanganye, kila sehemu na slaidi yake. Weka nyuzi chache za pamba kwenye slaidi, tone juu yake, kisha shusha kioo cha kufunikia kwa kukiinamisha ili mapovu yatoke. Pamba ni kama ua la mifugo: Paramecium akikutana nayo hupunguza mbio na wewe unapata muda wa kumwangalia.

Anza na lenzi ndogo kabisa. Kosa la kila mgeni ni kukimbilia ×40, kisha kulalamika kwamba haoni kitu. Punguza mwanga pia. Hawa karibu wote hawana rangi, na mwanga mkali huwafuta machoni.

Iodini iwe ya mwisho. Tia tone pembeni mwa kioo cha kufunikia na uinyonye kwa karatasi upande wa pili. Itawaua, lakini flajela (mijeledi ya kuogelea) na silia (vinyweleo vya kuogelea) zitajitokeza, na wanga ndani ya mwani wa kijani utageuka bluu iliyokolea, karibu nyeusi.

Hatua ya 5: Pima

Weka rula chini ya lenzi ya ×4 na uhesabu milimita zinazoonekana kutoka ukingo hadi ukingo. Kwenye hadubini nyingi za shule utapata kama 4.5. Ukihamia ×10 upana wa uwanja unapungua mara mbili na nusu, yaani 1.8, ukihamia ×40 unakuwa milimita 0.45, sawa na mikromita 450. Kiumbe anayechukua nusu ya uwanja huo ana mikromita 225, na huyo anaweza kuwa Paramecium. Euglena wa kawaida ni kama mikromita 50. Chlamydomonas ni kama 10. Namba hizi tatu peke yake zitakuokoa kwenye mabishano mengi.

Hatua ya 6: Mjue uliyemnasa

Kabla ya majina, ondoa wasiohusika. Chupa ya dimbwi imejaa wageni wasio protista, na hapa hata walimu huteleza. Kiumbe mwenye kama magurudumu mawili yanayozunguka kichwani, na taya ndani zinazotafuna, ni rotifera: mnyama kamili mwenye seli nyingi, ingawa ni mdogo kuliko baadhi ya protista wa seli moja. Kijinyoo kinachojipigapiga kama mjeledi ni nematodi. Nyuzi za kijani-buluu zisizo na kiini wala kloroplasti (vifuko vya kijani vya usanisinuru) ni sianobakteria. Hata ile rangi ya kijani ya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, wanakolishia flamingo wadogo, kwa sehemu kubwa ni sianobakteria wa aina ya Arthrospira. Ni bakteria hao, si mwani kwa maana ya protista.

Waliobaki waulize maswali haya kwa mfuatano:

1. Ana rangi ya kijani au kahawia ya dhahabu ndani ya vifuko maalumu? Kama ndiyo, nenda 2. Kama hana, nenda 4.
2. Ana gamba gumu kama kioo, lenye mistari iliyopangwa kwa ulinganifu, na rangi ya kahawia ya dhahabu? Ni diatomu. Kama sivyo, nenda 3.
3. Anajikunja na kujinyoosha mwili wote, ana doa jekundu mbele na flajela moja inayoonekana? Euglena. Ni duara dogo lenye flajela mbili zilizo sawa? Chlamydomonas. Ni tufe kubwa la kijani linalobingirika, lenye matufe madogo ndani? Volvox.
4. Mwili umezungukwa na vinyweleo vinavyopiga kwa pamoja? Ni mwenye silia: umbo la kandambili ni Paramecium, kengele juu ya kikonyo kinachojikunja ghafla kama springi ni Vorticella, tarumbeta kubwa, wakati mwingine la milimita nzima, ni Stentor. Kama hana silia, nenda 5.
5. Anabadilisha umbo polepole, akitoa miguu bandia? Ameba wa aina fulani. Anakwenda kwa mjeledi mmoja au miwili na ni mdogo sana? Kijiflajela kisicho na rangi. Wengi wao hawatambuliki kwa hadubini ya shule, na si aibu kuandika hivyo daftarini.

Ukimpata Paramecium, usimwache haraka. Mtazame akigonga kizuizi: hurudi nyuma kidogo, hugeuza pembe, hujaribu tena, mpaka apenye. Hana ubongo wala neva, ni seli moja. Ndani yake ana viini viwili vya aina mbili, kikubwa cha kuendesha shughuli za kila siku na kidogo cha kutunza urithi wa kijenetiki. Karibu na kila ncha ya mwili kuna vakuoli inayojikaza, kama nyota inayofunguka na kufumba. Hiyo ni pampu. Maji ya dimbwi yana chumvi chache kuliko mwili wake, hivyo humwingia mfululizo, na asipoyatoa atapasuka.

Hapa pana jaribio zuri kuliko yote ninayoyajua kwa gharama ya senti tano. Hesabu mipigo ya pampu hiyo kwa dakika moja. Kisha ongeza pembeni tone la maji yenye chumvi kidogo mno, chembe chache kwenye kikombe, usubiri dakika tano, hesabu tena. Mipigo itapungua, kwa sababu maji yanayoingia yamepungua. Osmosisi iliyowatesa wanafunzi wengi ubaoni inaonekana kwa macho, na ina namba.

Ameba anahitaji subira ya mvuvi. Weka tone la tope, acha slaidi itulie dakika kumi bila kuigusa, kisha tafuta kitu cha kijivu chenye chembe ndogo zinazotiririka kuelekea upande mmoja. Ukidhani umeona uchafu, subiri dakika moja. Uchafu haubadilishi umbo.

Hatua ya 7: Panga mara ya kwanza, kama vitabu

Kata kadi kumi na mbili za karatasi, uandike jina moja kwa kila kadi: Amoeba, Naegleria, Euglena, Trypanosoma (kimelea cha malale), Chlamydomonas, Paramecium, Plasmodium (kimelea cha malaria), Theileria (kimelea cha ndigana kali), Phytophthora (anayefanana na kuvu), Navicula (ni diatomu), Sargassum (mwani wa kahawia) na Eucheuma (mwani mwekundu unaolimwa Zanzibar).

Zipange kwa mtindo wa zamani. Wanaokula kama wanyama, yaani protozoa, upande mmoja, wakigawanywa kwa namna wanavyotembea: miguu bandia, flajela, silia, na wasio na chombo cha kutembelea ambao wote ni vimelea. Wanaojitengenezea chakula kwa usanisinuru, yaani mwani, upande wa pili. Wanaofanana na kuvu upande wa tatu.

Mpango huu ni mzuri kwa kazi ya maabara. Ukitazama kwenye lenzi, mwendo na chakula ndivyo unavyoviona. Lakini Euglena atakusumbua mara moja. Ana kloroplasti, kwa hiyo ni mwani; anaogelea na anaweza kula akiwa gizani, kwa hiyo ni protozoa. Wataalamu wa mimea walimdai na wataalamu wa wanyama wakamdai. Naegleria naye leo ni ameba, kesho mazingira yakibadilika anaota flajela na kuogelea. Kuwapanga kwa mwendo ni kama kuwapanga watu kwa mavazi. Wanaume wote waliovaa kanzu msikitini siku ya Ijumaa si wa baba mmoja.

Kapu hili la protista lina historia. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa Delft, Uholanzi, aliwaona viumbe hawa mwaka 1674 katika maji ya ziwa kwa lenzi alizosaga mwenyewe. Kwa karne mbili walisukumwa ama kwa wanyama ama kwa mimea. Mwaka 1860 Mwingereza John Hogg alipendekeza Protoctista. Mwaka 1866 Mjerumani Ernst Haeckel akaja na Protista kama himaya ya tatu. Mwaka 1969 Robert Whittaker wa Marekani alichapisha mpango wa himaya tano, na huo ndio uliokaa vitabuni mwetu mpaka leo: Monera (bakteria), Protista, Kuvu, Mimea, Wanyama.

Hatua ya 8: Panga mara ya pili, kwa ukoo

Sasa zivuruge kadi, uzipange upya kwa swali moja tu: nani ametokana na nani? Swali hili linajibiwa kwa kulinganisha jeni na undani wa seli, mambo ambayo hadubini ya shule haikuonyeshi, kwa hiyo nakupa majibu.

Amoeba anakaa kwenye Amebozoa, pamoja na ameba kimelea anayeleta kuhara damu (Entamoeba histolytica) na ule utelezi wa njano unaotambaa juu ya magogo yaliyooza wakati wa masika.

Naegleria anamwacha Amoeba na kuhamia Diskoba, na huko anakutana na Euglena na Trypanosoma. Ndiyo: yule wa kijani wa dimbwini na kimelea cha malale ni jamaa wa karibu. Muundo wa ndani wa flajela zao unafanana, na jeni zinathibitisha.

Paramecium, Plasmodium na Theileria wanakaa kitanda kimoja, Alveolata, kwa sababu wana vifuko bapa chini ya utando wa seli. Mmoja ana maelfu ya silia na anaogelea huru, wengine wawili wanajificha ndani ya seli za damu. Kwa mavazi huwezi kuwaweka pamoja kamwe.

Navicula, Sargassum na Phytophthora ni Stramenopila. Huyu wa tatu ndiye bakajani chelewa, anayeunguza viazi na nyanya wakati wa baridi na ukungu, na ndiye aliyeangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, njaa iliyoua watu wapatao milioni moja. Wakulima humwita ukungu, na kwa macho anafanana nao, lakini ukuta wa seli zake una selulosi, si kaitini kama wa kuvu. Si ubishi wa maneno: dawa za ukungu za kundi la triazoli, zinazolenga kitu ambacho kuvu hukitengeneza na yeye hakitengenezi, hazimfai. Mkulima anayenunua dawa kwa kufuata jina "ukungu" anaweza kutupa pesa.

Alveolata na Stramenopila, pamoja na Rizaria (humo wamo foraminifera, wenye magamba madogo unayoweza kuyakuta kwa kioo cha kukuzia kwenye mchanga wa fukwe zenye matumbawe), huunganishwa katika kundi kubwa liitwalo SAR.

Chlamydomonas na Eucheuma wanaingia Arkeplastida, na humo humo wamo mimea yote ya nchi kavu. Kwa maneno mengine, mchicha ni tawi la mwani wa kijani. Na wanyama na kuvu? Wako pamoja katika Opisthokonta, karibu na vijiflajela vyenye kola viitwavyo koanoflajelata. Uyoga ni jamaa yako wa karibu kuliko mchicha. Darasa huwa linacheka nikifika hapa, kisha linanyamaza.

Linalobaki kueleza ni rangi ya kijani: kwa nini imetapakaa kwenye matawi yasiyohusiana? Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita seli moja ilimeza sianobakteria na haikumsaga. Aliyemezwa akabaki ndani, vizazi kwa vizazi, akawa kloroplasti. Wazo hili lilielezwa na Mrusi Konstantin Mereschkowsky mwaka 1905, likapuuzwa, likafufuliwa na Lynn Margulis mwaka 1967. Kutoka kwa seli ile wakaja mwani mwekundu, mwani wa kijani na mimea; kloroplasti zao zina tando mbili. Baadaye protista wengine wakameza mwani mzima, yaani sufuria ndani ya sufuria. Babu wa Euglena alimeza mwani wa kijani, na kloroplasti yake ina tando tatu. Kloroplasti za diatomu na Sargassum zimetokana na mwani mwekundu aliyemezwa, na zina tando nne. Hesabu ya tando ni kama mihuri ya forodha: inakuambia mzigo umepita mipaka mingapi.

Na hapa ndipo malaria inaposhangaza. Plasmodium, kimelea anayeishi gizani ndani ya ini na damu, ana mabaki ya kloroplasti, yenye tando nne, yaitwayo apikoplasti. Hayafanyi tena usanisinuru, lakini hutengeneza kemikali ambazo kimelea hawezi kuishi bila hizo. Kwa kuwa asili yake ni bakteria, doksisaiklini, dawa ya bakteria, humdhuru kupitia hapo, ndiyo maana wasafiri hupewa kama kinga ya malaria. Bila kujua ukoo wa Plasmodium, dawa ya bakteria kumdhuru kimelea wa malaria ingebaki kuwa kitendawili.

Yapo makundi mengine, Metamonada yenye Giardia na Trichomonas, na madogo kama Haptista na Kriptista ambayo wataalamu bado wanayahamisha kutoka tawi hadi tawi. Kwa hiyo hata baada ya kusafisha kapu, pamebaki mengineyo ndani ya mengineyo.

Kuhusu vimelea

Usijaribu kukuza vimelea nyumbani wala kuchukua damu au choo cha mtu kwa ajili ya mazoezi. Tumia slaidi zilizokaushwa na kupakwa rangi. Maabara nyingi za shule zinazo. Mambo machache ya kuyatafuta kwenye slaidi hizo: Plasmodium falciparum, spishi inayoongoza Afrika, huonekana kama pete ndogo ndani ya chembe nyekundu, mara nyingine pete mbili katika chembe moja. Trypanosoma yuko nje ya chembe, kati yake, kama utepe uliopinda wenye pezi jembamba la kupepea.

Huyu wa pili ana historia nzito kwetu. Mlipuko wa malale kando ya Ziwa Victoria, hasa Busoga, mwanzoni mwa karne ya 20, uliua watu wengi mno, na Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za kimelea wa malale wa binadamu, gambiense na rhodesiense. Mbung'o ndiye mbebaji. Kimelea hubadilisha koti lake la protini kila kinga ya mwili inapolizoea, na hilo ndilo lililofanya chanjo kuwa ngumu. Theileria parva, wa ndigana kali, anaenezwa na kupe wa masikioni, na mfugaji yeyote atakueleza hasara yake bila kuhitaji hadubini.

Mtihani ukiuliza

Jibu kwa mpango wa silabasi yako. Swali la himaya tano lijibiwe kwa himaya tano, na Euglena awekwe pale kitabu kilipomweka. Mtihani si mahali pa kumfundisha msahihishaji. Ila kwenye michoro usichore kutoka kwenye kitabu. Chora ulichokiona, andika ukuzaji na kipimo, na mistari ya majina isikatane.

Kufunga maabara

Chupa ikichoka, maji yake yamwage kwenye udongo wa bustani, mbali na mto na kisima, kisha uioshe kwa sabuni na maji ya moto. Zile nyasi usizitupe. Zianike kivulini zikauke kabisa, ziweke kwenye bahasha, andika tarehe. Mwakani zitie kwenye maji safi yaliyochemshwa na kupoa, bila kuongeza tone la dimbwi. Baada ya siku moja au mbili weka slaidi. Colpoda hujifungia ndani ya gamba ukame unapokuja, na huenda ukamkuta anaogelea.